Maweni Yana Wenyewe: Chwaka na Hofu ya Viwanja

Kila yakianza mazungumzo ya kupima viwanja vya makaazi mashariki ya Unguja, hoja moja hutangulia: kule ni maweni matupu, ardhi ya jiwe la matumbawe, hapalimwi wala hapakai mtu, sasa wenyeji wanalalamikia nini? Dalali huisema waziwazi. Ofisini husemwa kwa adabu zaidi, lakini ni ileile. Mhadhara huu unaipeleka hoja hiyo kijijini Chwaka, pwani hiyohiyo ya mashariki, kwa sababu huko ilijibiwa zamani, na kwa maandishi.

Historia ya sheria za ardhi inajulikana na haihitaji kurefushwa: Dikrii ya Ardhi ya Umma ya 1921, ardhi kuwa mali ya serikali baada ya Mapinduzi, ugawaji wa eka tatu tatu kwa wakulima, kisha Sheria Namba 12 ya 1992. Ya kukumbuka ni ile ya kwanza. Iliingiza mikononi mwa serikali ya kikoloni ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mtu. Kumbe hao wanaotuambia leo kwamba maweni ni matupu, wakijiona watu wa maendeleo, wanarudia maneno ya mkoloni!

Jibu lilitoka kwa ofisa wa serikali hiyohiyo. Mwaka 1947 Mpigachapa wa Serikali, Zanzibar, alitoa kitabu cha R. H. W. Pakenham juu ya umiliki wa ardhi miongoni mwa Wahadimu, wenyeji wa Chwaka. Pakenham alikuwa mpenzi mkubwa wa ndege. Mwaka 1937 ndiye aliyemwelezea kitaalamu bundi mdogo wa Pemba. Jicho lililozoea kumtafuta bundi gizani halikushindwa kumwona mwenye shamba porini. Katika kitabu chake kiambo ni kiambo na msitu ni msitu, na vyote viwili vina utaratibu. Mwanakijiji anayefyeka pori ana haki nalo maadamu analitumia. Mgeni sharti aombe kwanza. Mnazi unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi iliyoushika ikawa ya wengine. Mpimaji anayefika na vigingi vyake akiuliza "nani mwenye kiwanja hiki?" ameshakosea swali.

Tena maweni huonekana matupu kwa sababu yamepumzishwa. Udongo wake umo mifukoni mwa mawe, hulimwa misimu michache ukachoka, ukaachiwa kichaka. Mhadhiri aliwahi kupitishwa humo na mzee mmoja wa Chwaka, yeye akiona miiba tu. Mzee akasimama penye chungu ya mawe yaliyozolewa shambani, akamtaja aliyeyazoa, na nani alilima muhogo baada yake, na nani sasa ana zamu. Picha ya setilaiti ingepaonyesha kijani kitupu.

Upande wa pili nao una haki yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao watalala wapi? Vijana wa Chwaka nao wanataka kujenga, na baadhi ya wanaouza vipande ni wenyeji wenyewe, wakati mwingine bila kuwauliza ndugu zao. Pakenham pia aliandika kwa manufaa ya utawala, na kijiji cha 1947 si cha leo.

Hata hivyo hofu za jirani haziwi ujinga. Watu wa Nungwi, kaskazini ya Unguja, wanakumbuka mradi wa mwishoni mwa miaka ya 1990, uliotaka kuigeuza rasi yao kuwa mahoteli, majumba ya kifahari na viwanja vya gofu. Haukujengwa, lakini hofu ilibaki. Chwaka kuna pia suala la maji. Jiwe la matumbawe lina nyufa na mapango. Kinachotoka kwenye karo hakikawii kufika kisimani, na kutoka huko kwenye ghuba, penye mikoko na majani ya bahari wanamokulia samaki. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa 2004, lakini mpaka wa hifadhi hauzuii maji yanayopita chini ya ardhi.

Kwa hiyo mhadhiri anashikilia lake, hata wapimaji wakinuna: ramani ya viwanja isipitishwe mpaka mpimaji atembee na sheha, wazee, na wanawake wanaokwenda mwani, na visima, makaburi, njia za pwani na makonde yaliyolala yachorwe kabla ya kigingi cha kwanza.