Pikapu na Mkulima: Je, Lafaa Kuwa Gari la Kila Siku?



Tumekutana katika sikukuu hii ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu. Walionitangulia wamesema juu ya bei ya pamba na juu ya maghala, na wamesema vizuri. Mimi nimepewa jambo ambalo kwa sura yake ni dogo, lakini limekwisha kuwatoa ng'ombe wengi zizini katika nchi hii ya Shinyanga na Geita. Jambo lenyewe ni pikapu.

Mwajua sababu ya kulitaja leo. Liko mbele ya mkutano shauri la baadhi ya vyama vya msingi, kwamba mfuko wetu wa mikopo umkopeshe mwanachama atakaye kununua pikapu yake mwenyewe, alipe kwa misimu mitatu, na mifugo yake iwe dhamana. Watetezi wa shauri hili husema kwamba mkulima mwenye pikapu anacho chombo kimoja cha kazi zote: kitabeba pamba, kitampeleka mtoto shule, kitamfikisha mgonjwa hospitali, na siku ya mapumziko kitawachukua jamaa kwenda harusini. Maneno haya ni matamu. Yafaa tuyaweke juu ya mizani ile ile tupimiayo pamba.

Chombo hiki hakikupendwa bure. Tangu zamani za Land Rover zenye bodi wazi, na hasa tangu Toyota walipoanza kutengeneza Hilux mwaka 1968, watu wa bara wameona kwamba gari la namna hii limejengwa kwa barabara kama zetu. Liko juu, halikwaruzi tumbo katika makorongo. Fremu yake ni ngumu, na injini yake ya diseli fundi wa Kahama au wa Katoro huijua kama mkulima ajuavyo mpini wa jembe lake. Spea zake hupatikana. Na tangu lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi mwaka 2025, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, mtu wa Geita aendaye Mwanza kutafuta kifaa hangoji tena kivuko. Mambo haya ni kweli, wala sitaki mtu aondoke hapa akisema nimelitukana gari lake.

Lakini swali letu si kama pikapu ni gari zuri. Swali ni kama lamfaa mkulima kwa matumizi ya kila siku, yaani siku 365, si zile siku chache za mavuno ambazo sote huzifikiria tunapolitamani.

Natuanze na pamba yenyewe. Tumchukue mwanachama mwenye eka 5, apate kilo 300 kwa kila eka. Hesabu hii mwaijua. Wengine hupata zaidi, wengi hupata pungufu. Ana kilo 1,500. Pikapu ya kawaida hubeba kama tani moja, basi mtu atasema: safari mbili zatosha. Hapana, kwa kuwa pamba yenye mbegu ni nyepesi na hujaza mahali pakubwa. Aghalabu bodi hujaa mpaka juu kabla mzigo haujafika nusu tani. Tuseme basi safari nne au tano, kutoka nyumbani hadi ghala la chama cha msingi, ambalo kwa walio wengi liko katika kijiji hicho hicho. Kazi hiyo mkokoteni wa ng'ombe huifanya, nao ng'ombe hula majani ya ngitili, hawanywi diseli. Kwa hiyo pamba, ambayo ndiyo sababu ya kwanza inayotajwa katika ombi la mkopo, hulipa gari kazi ya siku tano kwa mwaka. Ongezeni mpunga, dengu na choroko. Gunia 10 za kilo 100 hujaza ile tani moja barabara, na hapo pikapu huonyesha faida yake. Hata hivyo, kwa mkulima wa kadiri, siku zote za mzigo wa shamba lake mwenyewe hazifiki mwezi mmoja.

Siku zilizobaki gari hutembea tupu, na pikapu tupu si rafiki wa mtu. Springi zake za nyuma zimetengenezwa zikamilike zikiwa na mzigo. Bila mzigo hurusha. Katika barabara ya kifusi iliyofanya mawimbi, mkia wa gari hucheza, na dereva mgeni akikata kona kwa mwendo hujikuta anatazama alikotoka. Wakati wa mvua ni vivyo hivyo. Wenyeji wa Shinyanga hamhitaji kufundishwa udongo mweusi wa mbuga: ukilowa hushika tairi kama ugali. Pikapu isiyovuta kwa magurudumu yote manne husukumwa na tairi za nyuma, na kwa kuwa nyuma ni nyepesi, tairi hizo huzunguka bure. Madereva wazoefu huweka mifuko ya mchanga nyuma ili gari litulie. Ni dawa nzuri, ila ifikirini: mwenye gari ananunua mafuta ya kubeba mchanga.

Na mafuta yenyewe? Tuseme pikapu ya diseli huenda kilomita 10 kwa lita moja. Mwanachama anakaa kilomita 30 kutoka mjini, naye huenda na kurudi mara 20 kwa mwezi kwa shughuli ndogo ndogo: benki, dawa ya mifugo, mkutano, kumwona mjomba. Hizo ni kilomita 1,200, yaani lita 120. Pikipiki iendayo kilomita 40 kwa lita ingetumia lita 30 kwa mwendo huo huo. Chukueni tofauti ya lita 90, mzidishe kwa bei ya kikomo ambayo EWURA hutangaza kila mwezi, mtaona mnachokitoa mfukoni kwa ajili ya kwenda mjini mkiwa mmeketi ndani. Kumbukeni pia kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake ukahamishiwa katika bei ya mafuta. Tangu hapo gari lililosimama halidaiwi ada hiyo, na lile litembealo ovyo huilipa kila lita. Kwa mtu mwenye gari asiye na mzigo, hili ni shauri la kulala nalo.

Sasa nigeukie ndugu zetu wa upande wa dhahabu, maana hesabu yao ni nyingine kabisa. Mtu mwenye duara huko Geita au Mbogwe ana mzigo leo, kesho na keshokutwa: magogo ya kuegemeza shimo, maji, diseli ya pampu, chakula cha vijana, na mawe ya kupeleka karashani. Kadhalika mama apelekaye mboga na mchele katika miji ya wachimbaji. Hawa wakiniuliza kama pikapu lawafaa kila siku, nitawajibu ndiyo bila kusita, kwa kuwa gari lao huondoka na mzigo na mara nyingi hurudi na mzigo. Ila nina onyo moja. Bodi ya pikapu ikijazwa mawe hadi ukingoni, gari limebeba zaidi ya tani mbili, hata kama kwa macho mzigo unaonekana mdogo kuliko ule wa pamba. Ndiyo maana mwaona pikapu nyingi za machimboni zimeinua pua na kukalia mkia. Springi hukatika, breki hushindwa mteremkoni, na dhahabu ya wiki moja huishia gereji.

Wako pia wanaopenda dabo kebini, pikapu ya milango minne. Yafaa kwa Afisa Ushirika anayezungukia vijiji na wenzake wanne na masanduku ya hati. Kwa mkulima ni nusu ya kila kitu: bodi imekatwa ikawa fupi, na wale waketio kiti cha nyuma huketi wima kama mashahidi mahakamani. Nadhani wengi huinunua kwa sababu imepakiwa vizuri mbele ya nyumba.

Liko jambo ambalo katika maombi ya mkopo haliandikwi. Mwenye pikapu kijijini si mwenye gari tu. Yeye ni gari la wagonjwa, gari la msiba na gari la harusi. Saa nane za usiku hodi hupigwa, mama ana uchungu, zahanati iko mbali. Nani atasema gari halina mafuta? Hakuna, wala asitokee katika vyama vyetu mtu wa kusema hivyo. Lakini huduma hiyo ni gharama, na mtu mmoja huibeba peke yake kwa niaba ya kaya mia moja, kisha msimu wa kulipa mkopo ukifika zile kaya mia moja hazimo katika mkataba. Tena watu hupanda nyuma, wazee na watoto, wameshikilia ukingo wa bodi. Gari la mizigo halina kiti wala mkanda kwa watu hao. Likipinduka, mwenye gari atakuwa na misiba ya jirani zake mikononi mwake, na bima yake haikuwahesabu.

Wazee waliomo humu wanakumbuka kwamba tumewahi kupenda mashine kupita mzigo wake. Shirikisho la Victoria, lililoundwa mwaka 1955 na kuongozwa na Paul Bomani, liliwatoa wakulima wa pamba katika mikono ya wafanyabiashara na likafika hata kumiliki viwanda vya kuchambua pamba. Fahari hiyo hatuisahau. Lakini katika miaka ya 1960 yakaanzishwa hapa Usukumani mashamba ya pamoja yaliyolimwa kwa matrekta. Gharama za mashine zikazidi mavuno, matrekta yakasimama yakingoja spea, na mikopo mingi haikurudi. Trekta halikuwa na kosa lolote. Lilikosa kazi ya kutosha ya kujilipia.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba shauri hili lisipitishwe kama lilivyoandikwa. Mwanachama mwenye mzigo wa msimu tu akodi Fuso pamoja na jirani zake, na kwa safari zake awe na pikipiki. Mwenye mzigo mdogo wa mara kwa mara aangalie guta, au zile kirikuu za Suzuki ambazo hubeba kilo 350 kwa injini ndogo. Mkopo wa pikapu apewe chama cha msingi, si mtu mmoja: dereva awe mwajiriwa, leseni ya LATRA ya kubeba mizigo kwa malipo ikatwe, na safari za wagonjwa zilipiwe kutoka mfuko ambao kila kaya huchangia wakati wa mauzo, ili wema usiwe deni la mtu mmoja. Mwanachama akitaka kukopa peke yake asikataliwe. Aletewe daftari, aandike kwa miezi 12 kila mzigo aliousafirisha kwa chombo cha kukodi na fedha alizolipa. Daftari likionyesha mzigo kwa siku zisizopungua 150, mimi mwenyewe nitamsemea mbele ya Kamati ya Mikopo.

Mfano wa daftari hilo nimeuacha kwa Katibu Mkuu, na vyama vya msingi vyaweza kuunakili. Una safu sita: tarehe, mahali, mzigo, uzito, kilomita na fedha. Siku isiyo na mzigo nayo iandikwe, tena iandikwe jioni ile ile, kabla mtu hajaanza kuikumbuka vingine.