Kidimbwi Hudanganya Macho



Mwulize mtu wa mjini ni kitu gani humwezesha mwindaji kumpata nyati. Atakujibu: bunduki nzuri na shabaha. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka nilipofika bonde la mto Luangwa, nchini Zambia, mwezi wa Februari. Nyasi zilinipita kimo, njia zilikuwa zimekatwa na mafuriko, na kila bonde lilikuwa limejaa maji. Kwa siku tatu sikumwona nyati hata mmoja. Mzee mwenyeji wangu alinicheka: “Mwanangu, sasa kila mnyama ana kisima chake. Rudi Oktoba.”

Nilirudi. Miti ilikuwa imepukutika, nyasi zimeungua, mto umebaki vidimbwi. Viboko walibanana kama abiria wa daladala, na nyati walishuka kunywa maji kwa makundi. Hapo hata asiye na shabaha angerudi na nyama.

Ndiyo maana katika sehemu kubwa ya kusini mwa Afrika wanyama wakubwa huwindwa zaidi wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba. Jicho hufika mbali, gari hupita, na katika baridi ya Juni na Julai nyama haiharibiki upesi. Mvua zikirudi Novemba, wanyama hutawanyika na kupumua.

Je, mvua zisiporudi? Mwaka 2019 tembo zaidi ya 200 walikufa kwa ukame nchini Zimbabwe, wengi wao katika hifadhi ya Hwange. Mwaka 2024, baada ya ukame mkali, Namibia iliamua kuua wanyama 723, wakiwamo tembo 83 na pundamilia 300, ili wananchi wenye njaa wapate nyama na malisho yapunguziwe mzigo.

Mimi siwalaumu. Mtoto hashibi kwa kumtazama pundamilia. Tena najua vipo vijiji vinavyotegemea fedha za wawindaji kujenga shule na zahanati.

Ninachohofia ni hesabu. Wakati wa ukame wanyama huonekana wengi kuliko walivyo, kwa sababu wote wamekusanyika mahali pamoja. Anayesimama kando ya kidimbwi cha mwisho ataapa kwamba pori limejaa, naye ataomba vibali viongezwe. Hawaoni ndama waliokufa njiani, wala majike waliokonda ambao mwakani hawatazaa.

Basi wanaotoa vibali wasitazame kidimbwi peke yake. Watazame pia mvua ya mwaka uliopita, na ndama wangapi wamesalimika. Na mwindaji anayemvizia mnyama pale anapokunywa maji ya mwisho, asituambie habari za ushujaa. Kiu ndiyo iliyomwindia.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.