Homa Isiyokoma na Dawa Kali: Habari za Kala-azar Katika Kaskazini-Mashariki

Haya ndiyo maneno ya hotuba juu ya utafiti wa madaktari katika kuutambua ugonjwa wa kala-azar, na katika kupambanua madhara ya ugonjwa huo na madhara ya dawa zake.

Katika nchi iliyo baina ya mto Tana na mipaka ya Ethiopia na Somalia, neno homa lina maana nyingi mno. Mchungaji wa Garissa akishikwa na baridi na kutetemeka, jirani zake husema ni malaria, na mara nyingi husema kweli. Lakini huenda ikawa ni homa ya maziwa mabichi, ambayo mtu huipata kutoka kwa ngamia, ng'ombe na mbuzi wake mwenyewe. Huenda ikawa homa ya matumbo. Huenda ikawa homa ya dengi, iliyowaangusha watu wengi wa Mandera mwaka wa 2011. Mwisho wa mwaka wa 1997, mvua kubwa zilipoigeuza nchi kavu kuwa maziwa ya maji, watu walikufa kwa homa yenye kutoka damu, na mifugo yao ikatupa mimba na kufa pia. Ilibidi damu ipelekwe mpaka Johannesburg na Marekani ndipo ikajulikana kwamba ni Homa ya Bonde la Ufa. Homa hiyo iliporudi Garissa mwezi wa Desemba 2006, madaktari walijua la kutafuta, na damu ilipimwa Nairobi papo hapo.

Nyingi za homa hizo huja kwa kishindo. Kala-azar haiji hivyo. Humjia mtu polepole kama mwizi, ikakaa naye majuma na miezi. Mgonjwa hupatwa na homa inayokwenda na kurudi, hukonda, huishiwa damu, na upande wa kushoto wa tumbo lake huvimba kwa sababu wengu limekua, mara nyingine likafika kitovuni. Jamaa zake hudhani ni malaria sugu na humnunulia dawa ya malaria dukani mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Asipopata dawa yenyewe ya kala-azar, karibu kila mgonjwa hufa, na wengi hufa kwa kichomi, kuhara au kutokwa damu, hata ikaandikwa kwamba walikufa kwa ugonjwa mwingine.

Vijidudu vyake vilitangazwa mwaka wa 1903 na madaktari wawili waliofanya kazi mbalimbali, Leishman na Donovan, na kwa hiyo vikapewa majina yao wote wawili. Jina la kala-azar lenyewe ni la Kihindi, maana yake ugonjwa mweusi. Hapa Kenya ugonjwa uliwapata askari wa King's African Rifles waliokuwa kaskazini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 ukazuka kwa nguvu Kitui. Huko Kitui ndiko wataalamu, akina Heisch na Manson-Bahr, walikovitilia shaka vichuguu vya mchwa vilivyo karibu na nyumba. Shaka yao ilikuwa ya haki. Usubi anayeeneza vijidudu hivi, mdudu mdogo hata kwa mbu, asiye na mlio, hujificha mchana ndani ya kichuguu penye ubaridi na unyevu, na hutoka magharibi ili kuuma. Watoto wanaocheza juu ya vichuguu na wazee wanaobarizi hapo jioni humpa nafasi njema.

Katika Wajir na Mandera ugonjwa ulikuwa ukionekana kwa nadra tu. Lakini baina ya Mei 2000 na Agosti 2001 wagonjwa zaidi ya 900 walitambuliwa katika maeneo ya mpaka wa Kenya, Somalia na Ethiopia. Tangu hapo umekuwa ukirudi mara kwa mara, na kaunti jirani ya Marsabit nayo haikusalimika.

Sasa yapasa kueleza jambo lililo gumu, yaani namna ya kuutambua. Njia ya zamani iliyo na hakika kuliko zote ni kuchoma sindano nyembamba katika wengu, kuvuta tone dogo, kulipaka juu ya kioo na kulitazama kwa darubini. Vijidudu vikionekana, mashaka yamekwisha. Kazi hii ilifanywa kwa uangalifu mkubwa Nairobi, na mwaka wa 1983 Chulay na Bryceson walichapisha mizani ya kuhesabu vijidudu, kuanzia 0 mpaka 6, ambayo kila daraja yake ni mara kumi ya ile iliyotangulia. Faida ya mizani hiyo ni kwamba daktari hatosheki kusema vijidudu vipo au havipo. Aweza kusema vinapungua, na kwa kasi gani, dawa inapoendelea. Madaktari wa nchi nyingine bado hutumia mizani hii iliyotoka Kenya, ingawa wagonjwa wa Kenya wenyewe hawana habari nayo.

Lakini wengu limejaa damu, na mgonjwa wa kala-azar damu yake haigandi upesi. Mara chache sana, kama mara moja katika elfu, sindano huleta kutoka damu ndani ya tumbo. Katika hospitali yenye mpasuaji na akiba ya damu hatari hiyo yavumilika. Katika zahanati iliyo mwendo wa siku nzima kutoka Wajir, nani angethubutu?

Ndiyo maana watu walifurahi sana kilipotokea kikaratasi cha kupimia, ambacho huhitaji tone la damu ya kidole na dakika chache tu. Kikaratasi hicho hakitafuti vijidudu bali hutafuta kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi yao. Kule India kiliwatambua wagonjwa 97 katika kila 100. Mwaka wa 2014 wataalamu walipokusanya majaribio ya nchi mbalimbali, waliona kwamba katika Afrika Mashariki kiliwatambua kama 85 tu. Na katika kila watu 100 wasio na kala-azar, kama 9 waliambiwa wanayo.

Tofauti hiyo haifai kupuuzwa. Wale 15 waliokosekana watarudi nyumbani na vidonge vya malaria, nao ndio watakaokufa. Kwa hiyo mganga anayejua kazi yake, akimwona mtu mwenye homa ya majuma mawili na zaidi, na wengu kubwa, na kipimo cha malaria kikasema hapana, hamfukuzi kwa sababu kikaratasi kimenyamaza. Humpima kwa njia nyingine au humpeleka hospitali kubwa. Tena kinga hukaa katika damu muda mrefu baada ya mtu kupona, hata miaka. Basi mtu aliyetibiwa mwaka jana akipata homa tena, kikaratasi kitasema ndiyo, lakini hakiwezi kusema kama ni ugonjwa uliorudi au ni kumbukumbu tu ya ugonjwa wa zamani. Kwa mtu wa namna hiyo hakuna budi kurudia sindano ya wengu au ya uboho.

Na wale 9 walioambiwa wanao ugonjwa wasionao, je, kuna ubaya gani wakitibiwa? Ubaya ni mkubwa, kwa sababu ya dawa yenyewe.

Dawa iliyotumiwa Kenya kwa miaka mingi ni ya antimoni, iitwayo sodiamu stiboglukoneti. Ni dawa ya kusifiwa, imeokoa maelfu ya watu. Lakini antimoni ni madini yaliyo jirani ya sumu. Mgonjwa alichomwa sindano kila siku kwa siku 30, na sindano yenyewe huuma. Wengi huumwa na viungo na misuli, hupoteza hamu ya kula na hutapika. Wachache huvimba kongosho, au moyo wao hupoteza mwendo wake, na hao huweza kufa.

Tazama basi shida ya daktari. Mtoto wa miaka kumi ameletwa na mama yake kutoka mashambani. Ametambuliwa vizuri, ameanza sindano, homa imetulia. Siku ya kumi na mbili anaanza kutapika na kulia tumbo. Je, ni dawa imemdhuru kongosho? Je, ni malaria aliyoipata hapo hapo hospitalini? Je, ni kala-azar yenyewe haijashindwa? Au ni chakula tu, kwa mtoto ambaye kwa miezi tumbo lake lilikuwa limezoea kidogo? Dawa ikikatizwa bila sababu, vijidudu vilivyobaki vitazaana tena na mtoto atarudi akiwa hoi. Dawa ikiendelezwa, na kongosho ndilo linaloumia, mtoto atauawa na mkono uliotaka kumponya. Na mama, ambaye ameacha watoto wengine na mbuzi kwa jirani, anaona jambo moja tu: mtoto alikuja anatembea, na sasa hatembei. Akimbeba na kuondoka naye usiku, si haki kumwita mjinga. Ameyasoma aliyoyaona kwa akili yake, na hakuna aliyempa habari nyingine.

Utafiti ndio uliowapa madaktari habari hizo nyingine. Mwaka wa 1985 Chulay na wenzake wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 59 wa Kenya waliopimwa moyo kwa mashine kabla ya dawa na wakati wa dawa, katika vipindi 65 vya matibabu. Katika vipindi 35 maandishi ya mashine yalibadilika. Mabadiliko yalizidi kwa kadiri dozi ilivyozidi na siku zilivyozidi, na waliopewa dozi kubwa kupita zote walibadilika wote. Mambo mawili yalijulikana hapo. Kwanza, mabadiliko mengi yalikuwa madogo, wala hayakumlazimisha daktari kuacha dawa. Pili, kuna badiliko la namna moja, yaani moyo kuchelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, ambalo likiongezeka ni onyo la hatari, na hapo dawa isimamishwe. Kabla ya hapo daktari mwoga angesimamisha dawa kwa kila badiliko, na daktari jasiri asingesimamisha kwa lolote.

Angalia kwamba haya yote yalitegemea kupima kabla ya sindano ya kwanza. Mtu asiyepimwa mwanzo, hakuna ajuaye kama moyo wake uliharibika kwa dawa au ulikuwa hivyo tangu zamani. Vivyo hivyo kwa masikio. Dawa ya pili, paromomisini, ni ya ukoo wa dawa zinazojulikana kudhuru masikio na figo. Basi katika majaribio wagonjwa walipimwa kusikia kwao kwanza, maana wako watu ambao masikio yao yalikwisha kudhoofika kabla hawajaiona hospitali.

Habari ya paromomisini yafaa isimuliwe. Ilipojaribiwa India kwa siku 21, ilionekana kuponya wagonjwa zaidi ya 90 katika 100. Mwaka wa 2003 madaktari wa Sudan, Ethiopia, Kenya na Uganda waliungana ili kuipima katika nchi zao, na miongoni mwa wakuu wa kazi hiyo alikuwa Daktari Monique Wasunna wa taasisi ya utafiti wa matibabu ya Kenya. Dozi ile ile ya India, baada ya miezi sita, iliwaponya kama 64 tu katika 100, hali antimoni iliwaponya 92. Wangalitosheka na habari za India, wangaliwaua watu wengi kwa nia njema. Badala yake wakaichanganya na antimoni kwa siku 17. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2012: mchanganyiko uliponya 91 katika 100, na antimoni peke yake kwa siku 30 iliponya kama 94. Tofauti ni ndogo, na siku 13 za antimoni zimeondolewa katika mwili wa mgonjwa. Shirika la Afya la Dunia lilikwisha kuishauri njia hiyo tangu mwaka wa 2010.

Madhara mengine hayatoki katika dawa wala hayana haja ya kuogopwa sana, ila huwatisha watu. Mgonjwa aliyepona huweza kutokwa na vipele usoni baada ya miezi kadhaa. Wengine husema ni surua, wengine husema ni sumu ya sindano inatoka. Kwa kweli ni mabaki ya vijidudu katika ngozi. Mara nyingi vipele huondoka vyenyewe, lakini mtu huyo yapasa aonekane na mganga, kwa sababu usubi akimwuma aweza kuwapelekea wengine ugonjwa.

Mwaka wa 2022 yalichapishwa majaribio ya njia isiyo na antimoni kabisa, yaani paromomisini pamoja na vidonge vya miltefosini kwa siku 14, nayo iliponya sawa na ile ya siku 17. Sindano ni moja kwa siku badala ya mbili. Vidonge hivyo navyo vina lao: huleta kutapika, na huweza kumharibu mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa huulizwa, hupimwa na hupewa kinga ya mimba kwanza. Katika nyumba nyingi za Kaskazini-Mashariki maneno hayo hayasemwi mbele ya wakwe, na mwuguzi mwanamke ndiye awezaye kuyasema faraghani.

Imesalia miezi sita ile inayotajwa katika kila hesabu. Mtu haandikwi kuwa amepona siku anapotoka hospitali. Huandikwa anapoonekana tena baada ya miezi sita, hana homa na wengu limerudi mahali pake. Kwa hiyo mganga anayemwaga mchungaji wa Wajir hana budi kumwuliza, kabla hajapanda gari, mwezi ule utamkuta kwenye kisima gani.