Kufuta si Kusahau

Wiki hii tuzitupie jicho kompyuta kuukuu.

Ofisi ikipata kompyuta mpya, zile za zamani hurundikwa stoo. Siku ikifika huitwa mnunuzi, watu wakapatana bei, zikapakiwa kwenye pikapu. Karani aliyezikabidhi ataapa kwamba alifuta kila kitu, na huenda kweli alibonyeza kitufe cha kufuta. Lakini je, kilichofutwa ni nini hasa?

Ndani ya kompyuta mna diski, ambayo ndiyo ghala yake, na diski hiyo ina orodha inayoonyesha kila faili limewekwa wapi. Ukifuta faili kwa njia ya kawaida, kinachoondoka ni jina kwenye orodha. Ni sawa na mwenye nyumba kukata jina la mpangaji daftarini, ilhali mpangaji mwenyewe bado yumo chumbani na godoro lake. Hata kufomati kwa haraka mara nyingi ni kufungua daftari jipya tu. Fundi mwenye programu ya kurejesha mafaili, na zipo zinazotolewa bure, atamkuta mpangaji ametulia.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walieleza jinsi walivyonunua diski 158 zilizokwisha tumika. Kati ya 129 walizoweza kuzisoma, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Moja ilitoka kwenye mashine ya benki ya kutolea fedha, ikiwa bado na namba za akaunti.

Na msidhani wakubwa hawanaswi. Benki ya Morgan Stanley iliikabidhi kampuni ya kuhamisha mizigo, isiyo na ujuzi wowote wa kuharibu data, kazi ya kuondoa maelfu ya diski. Vifaa vikauzwa, vikaishia kwenye mnada wa intaneti na habari za wateja zikiwa ndani. Mwaka 2022 wasimamizi wa masoko ya mitaji waliitoza benki hiyo dola milioni 35 kwa kushindwa kulinda habari za wateja wapatao milioni 15.

Sasa dawa yake ni nini? Kwa diski ya zamani yenye sahani inayozunguka, iandikwe upya yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sufuri au takataka nyingine. Wapo wanaoshikilia kwamba ni lazima kurudia mara 35. Hiyo ni hadithi ya mwaka 1996. Kwa diski za sasa, mara moja iliyokamilika inatosha.

Diski mpya za chipu zina tabia nyingine. Zenyewe hutawanya maandishi ili zisichakae upande mmoja, kwa hiyo ukiandika juu yake, pembe fulani huenda zikabaki bila kuguswa. Hapo tumia amri ya kusafisha iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe. Bora zaidi, data ifungwe kwa msimbo tangu siku ya kwanza. Siku ya kuachana na diski, ufunguo unaharibiwa. Na iliyokufa, isiyowaka tena, isagwe, kila chipu ivunjike. Tundu moja la keekee halitoshi.

Kisha kuna hatua ambayo wengi huiruka, yaani kuhakiki. Mtu mwingine, si yule aliyefuta, aifungue diski, aisome sehemu mbalimbali, ajaribu kurejesha mafaili. Akikosa, aandike namba ya diski na kutia sahihi. Diski isiyo na sahihi isitoke mlangoni.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinamtaka anayeshika habari za watu azilinde. Lakini hata pasingekuwa na sheria, mfikirie mama aliyepima damu zahanati, au kijana aliyeacha nakala ya kitambulisho akiomba mkopo. Kompyuta ikiuzwa na siri zao, aliyeuza hapungukiwi kitu. Wanaoumia ni wao, na hawakuwapo siku ya mauzo kuuliza kama diski imesafishwa.

Basi, ewe mkuu wa ofisi, uliza wewe kwa niaba yao. Kwaherini, hadi wiki ijayo.