Ngome Iliyopewa Jina la Yesu

Dominika ya 33 ya Mwaka C. Somo la Injili: Luka 21:5-19



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili ya leo yaanza na watu wanaotazama jengo. Wako Yerusalemu, mbele ya hekalu, nao wanayasifu mawe yake mazuri na mapambo yake. Hatuna budi kuwaelewa. Wanafunzi walitoka Galilaya, kwenye vijiji vya wavuvi na wakulima, na hekalu alilolipanua Herode lilikuwa na mawe makubwa ajabu. Mtu wa Basotu afikaye Dar es Salaam kwa mara ya kwanza huinua macho vivyo hivyo, hata shingo ikamwuma. Lakini Yesu hashangai pamoja nao. Anawaambia kwamba fahari yote ile itaporomoshwa mpaka chini. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 70, majeshi ya Roma yalipoliteketeza hekalu. Halafu, pasipo kupumua, Bwana anaacha habari za mawe na kuanza habari za watu: watakaokamatwa, watakaosalitiwa hata na wazazi na ndugu zao, watakaouawa kwa ajili ya jina lake.

Kwa nini aliunganisha mambo haya mawili, mawe na mashahidi? Ili tulielewe neno hili, twendeni kwa mawazo hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwenye jengo ambalo limebeba jina la Yesu kwa zaidi ya miaka mia nne.

Meli kubwa za watalii zitiapo nanga katika bandari ya Kilindini, Mombasa, abiria hupewa saa chache za kushuka. Wengi huenda Mji wa Kale, na humo hutembea kwa miguu mpaka Ngome ya Yesu. Vivyo hivyo wageni washukao Zanzibar hutembelea Ngome Kongwe iliyo mbele ya Forodhani, na wale wazungukao visiwa vya Karibi hushuka San Juan wakapande kuta za San Felipe del Morro, ngome ambayo Wahispania walianza kuijenga mwaka 1539. Si jambo baya. Atembeaye kwa miguu huona mengi ambayo apitaye kwa gari hayaoni. Lakini saa chache ni chache, na wengi hurudi melini wakiwa na picha ya mzinga na ya bahari.

Sisi tuingie polepole. Ngome hii Wareno waliianza mwaka 1593 na kuimaliza mwaka 1596, juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari ya kale. Mchoraji wake alikuwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati. Wenye kuitazama kutoka juu husema ina umbo la mtu aliyelala: kichwa, mikono na miguu. Buruji zake nne zilipewa majina ya watakatifu: Filipo, Alberto, Mateo na Mathia. Na ngome nzima ikaitwa Ngome ya Yesu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya zama zile. Kule Elmina, katika nchi ya Ghana ya leo, Wareno walikuwa wamekwisha kujenga ngome mwaka 1482 na kuiita ya Mtakatifu Joji, nayo baadaye ikawa ghala la watumwa.

Jina la Yesu, basi, liliwekwa juu ya mizinga. Tusiliseme hili kwa haraka. Mji wa Mombasa ulikuwa umechomwa moto na Wareno tangu mwaka 1505, miaka 88 kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa. Mwenyeji aliyesikia jina la Mwokozi alilisikia pamoja na mlio wa baruti.

Sasa tusimame uani, maana hapa pana habari ambayo Mkristo wa Afrika Mashariki hapaswi kuikosa. Mfalme wa Mombasa aliyeitwa Hasan bin Ahmad alikosana na kapteni wa ngome. Akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa huko na watu waliohongwa na Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa, Uhindi, makao makuu ya Wareno wa upande huu wa dunia. Mwanawe mdogo, Yusuf, akiwa mtoto wa umri wa miaka kama saba, naye akapelekwa Goa. Mapadre Waagustino wakamlea, wakamfundisha, wakambatiza kwa jina la Jerónimo. Mwaka 1626 akarudishwa Mombasa awe mfalme: mfalme Mkristo, mwenye jina la Kireno, katika mji wa baba yake.

Ndugu zangu, tumfikirie mtoto yule. Alijifunza Baba Yetu katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha baba yake. Hatudai kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Tunajua kwamba alipokwisha kurudi, maofisa wa ngome walimdharau. Na kwamba alionekana usiku kaburini kwa baba yake, akimwombea kwa desturi ya Kiislamu. Habari zikamfikia kapteni, naye akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Mwana kuomba kaburini kwa baba yake, hilo ndilo lililohesabiwa kosa lake. Na waliomwua baba je?

Katikati ya Agosti 1631, siku za sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kwa jambia. Kisha mji ukageuka kuwa machinjio. Waliokimbilia katika nyumba ya Waagustino walitakiwa waikane imani yao; waliokataa waliuawa, mapadre na walei, wanaume, wanawake na watoto, Wareno na Waafrika waliobatizwa. Mapokeo ya Kanisa yanawaita Mashahidi wa Mombasa.

Tendo lile lilikuwa uovu, na hatutalitafutia jina jingine. Mama na mtoto wake hawakumwua Hasan bin Ahmad. Lakini atakayesimulia mwaka 1631 bila kusimulia mwaka 1614 atakuwa amesimulia nusu, na nusu ya habari huweza kuwa uongo kamili. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili hakuogopa nusu ya pili. Mwezi Februari 1992 alifika katika kisiwa cha Gorée, Senegali, akaingia katika nyumba ya watumwa, akaomba msamaha kwa dhambi ambayo Wakristo walimtendea Mwafrika. Na tarehe 12 Machi 2000, katika Basilika la Mtakatifu Petro, aliongoza Kanisa zima kuungama, pamoja na dhambi nyingine, matumizi ya nguvu yaliyofanywa kwa kisingizio cha kuutetea ukweli. Wapo waliosema kwamba Papa analiaibisha Kanisa. Sisi twaona alilifungulia dirisha.

Na ngome je? Wareno waliirudia mwaka 1632, baada ya Yusuf kuiacha na kutoweka baharini. Juu ya lango hata leo yasomeka maandishi ya mwaka 1635 ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, anayejisifu, kijana wa miaka 27, kwa kuijenga upya na kwa kuwaadhibu watu wa pwani walioasi. Hakukupita miaka sabini, Waomani wakaizingira, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Njaa na maradhi viliwaua waliokuwa ndani kuliko panga. Meli ya msaada, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyoopolewa kutoka kwake vinaonyeshwa hapo makumbusho. Waomani walipoingia, walikuta walinzi wachache mno. Ukiacha muda mfupi wa mwaka 1728 hadi 1729, Wareno hawakuishika tena, na Kanisa lililokuwa limeegemea ukuta ule likaanguka pamoja nao. Pwani yetu ilingoja hadi miaka ya 1860, wamisionari Wakatoliki walipofika Zanzibar na kisha Bagamoyo, ndipo Kanisa Katoliki likapandwa tena.

Hata lugha yetu imehifadhi kumbukumbu. Wataalamu wa lugha wanatueleza kwamba neno gereza limetokana na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Ndani ya ngome palikuwa na kanisa. Ngome zilipogeuzwa vifungo, jina likabaki. Kule Kilwa Kisiwani ngome ya kale huitwa Gereza mpaka leo. Ngome ya Yesu nayo Waingereza waliifanya jela tangu mwaka 1895 hadi mwaka 1958, ndipo ikawa makumbusho. Nyumba ya Mungu ikatoa jina la nyumba ya wafungwa! Makatekista, mkiwafundisha vijana habari za Kanisa la kale, wapeni neno hili moja. Watalikumbuka kuliko tarehe zote.

Mtauliza: Je, kujilinda ni dhambi? Hapana. Wazee wa Kiiraqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa likalingana na ardhi, ili mifugo na watoto wasionwe na wavamizi. Wadatoga huzungushia mifugo yao boma la miiba, na asiyefunga boma usiku huamka bila ndama. Mtunga Zaburi mwenyewe anamwita Mungu ngome na kimbilio. Lakini tuangalie mpangilio wa maneno yake: anasema Mungu ndiye ngome. Hakusema ngome yetu ndiyo Mungu. Kule Mombasa maneno yaligeuzwa, na bado twayageuza. Mtu huandika jina la Yesu juu ya mlango wa duka lake, na ndani kipimo ni pungufu. Mwingine hutundika msalaba sebuleni, na chini ya msalaba huo ndugu hukaa kupanga namna ya kumdhulumu mjane shamba.

Nasi wa Basotu tunayo makaburi ya baba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ya Hanang ilifunguliwa mashamba makubwa ya ngano. Ngano ilikuwa chakula cha taifa, na wengi wenu mlikuja hapa, au wazazi wenu walikuja, kwa ajili ya kazi ile, hatuwahukumu. Lakini wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho, na wazee wao walilalamika kwamba hata makaburi yalipitiwa na trekta. Anayewajua Wadatoga anajua uzito wa jambo hilo. Mzee mwenye heshima hufanyiwa maziko ya bung'eda. Udongo hupandishwa juu ya kaburi kwa miezi mingi, na koo hukusanyika kutoka mbali. Kilima kile kidogo ni kama kitabu cha ukoo. Malalamiko hayo yalifika mpaka mahakamani, na mengine yalijibiwa, mengine hayakujibiwa. Mashamba yamebadili mikono tangu wakati ule, lakini watoto waliokuwa wakichunga siku ile trekta ilipopita ni wazee leo, na baadhi yao wamebatizwa. Wanakaa nasi katika benchi moja. Wanaitwa Petro na Yohane na Maria, nasi twadhani jina jipya limeyamaliza yote. Hivyo ndivyo walivyodhani wale waliomwita Yusuf kwa jina la Jerónimo.

Ubatizo ni wa kweli, ndugu zangu; hufuta dhambi ya anayebatizwa. Haufuti dhambi tuliyomtendea sisi. Hiyo hutakiwa iungamwe na aliyeitenda, au na mwana wa aliyeitenda, mbele ya mwenye jeraha. Mashahidi wa 1631 walishika imani bila ukuta wala mzinga, na mwenye kufa namna ile ameshinda kwa subira aliyoitaja Bwana katika Injili ya leo. Lakini huenda wengi wao wasingedaiwa kufa kama mtu mmoja miongoni mwa Wakristo wa Mombasa, kapteni au padre au mfanyabiashara, angalimwendea kijana yule na kumwambia kwa kinywa chake: Tulimwua baba yako, na tulitenda vibaya.

Tumo katika mwezi wa Novemba, mwezi wa marehemu. Katika vigango vyetu makatekista wanakusanya karatasi za majina ya wafu wa kila familia, ili yasomwe katika Misa. Juma hili, baba na mama wa nyumba, mnapoandika majina yenu, mwendeeni jirani ambaye mzee wake amelala kandokando ya shamba mnalolima. Mwulizeni jina la mzee yule, hata kama hakubatizwa, hata kama jirani mwenyewe hasali nasi. Liandikeni chini ya majina ya kwenu. Kama jirani akitaka kusema habari za kaburi, kaeni chini mmsikilize mpaka amalize. Na ninyi makatekista, msiyakatae majina hayo yakifika mikononi mwenu. Yaleteni yote parokiani kabla ya Dominika ijayo ya Kristo Mfalme.

Sasa tusimame, tukiri imani yetu.