Sayansi ya Data na Rejesta ya Zahanati

Sayansi ya data, yaani taaluma inayounganisha takwimu, hisabati na programu za kompyuta ili kupata maarifa katika taarifa nyingi, haikuletwa na intaneti. Mwaka 1962 mtakwimu John Tukey wa Marekani alidai kwamba uchambuzi wa data unastahili kuwa sayansi inayojitegemea, mwaka 1974 Peter Naur wa Denmark akalitumia jina la sayansi ya data kitabuni, na mwaka 2001 mtakwimu William Cleveland akapendekeza namna ya kuifundisha vyuoni.



Hata hivyo, taaluma hii ina kasoro isiyosemwa vya kutosha: humfundisha mwanafunzi kusafisha data, yaani kuondoa makosa na kujaza mapengo, kabla hajajua zilikotoka. Takwimu za malaria za wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, Tanzania, huanzia katika rejesta za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambamo muuguzi wa zahanati huandika kwa mkono huku wagonjwa wakisubiri, na mwisho wa mwezi hesabu hujumlishwa na kuingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Nafasi iliyoachwa wazi inaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyeugua, au kwamba vipimo vya haraka vilikwisha. Programu ikijaza sifuri, kijiji kilichoelemewa na homa kitaonekana salama, na dawa zitapelekwa kwingine. Hilo ni kosa la kitaaluma, na linaumiza watoto.

Korogwe yenyewe inaonyesha thamani ya uangalifu, kwani pamoja na Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya Afrika vilivyofanya jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009 likahusisha watoto zaidi ya 15,000, ambamo malaria ilithibitishwa kwa kupima damu. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana.

Kwa hiyo mhitimu anayetaka kuchambua malaria ya Kwedizinga, wilayani Handeni, na aanze kwa kuketi mwisho wa mwezi kando ya anayejumlisha rejesta, amuulize kila pengo lina maana gani, na vyuo viipe kazi hiyo alama sawa na za somo la programu.