Binti wa Voi na Gofu ya Kulipwa
Mada kwa semina ya walimu wa michezo na wazazi, Voi



Nimeombwa nizungumzie maisha na kazi ya mwanamke anayecheza gofu kwa kulipwa. Najua wapo waliocheka kimoyomoyo walipoisoma ratiba. Gofu, Voi? Nikiulizwa mji huu na mchezo huo vinakutana wapi, jina la kwanza linalonijia ni la marehemu: Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekiwakilisha Chuo Kikuu cha Oxford katika gofu enzi za ujana wake, ambaye ndege yake ndogo ilianguka hapa Voi tarehe 14 Mei 1931. Mwanamume, mgeni, mwana wa watu wenye vyeo. Tumwache apumzike, tuje kwa watu wanaotuhusu.

Anayetuhusu kwanza ni Rose Naliaka. Huyu ndiye Mkenya wa kwanza mwanamke kuingia gofu ya kulipwa. Kabla ya hapo alikuwa mchezaji wa ridhaa aliyetamba nchini na kulitwaa taji la wanawake la Kenya zaidi ya mara moja. Katika gofu, kuvuka kutoka ridhaa kwenda kulipwa si sawa na kupanda daraja la ligi. Ukishavuka, mashindano ya ridhaa uliyokuwa ukiyashinda yanakufungia mlango, na timu ya taifa ya ridhaa haikuiti tena. Mwanamume wa Kenya akivuka huwakuta wenzake wakimsubiri na kalenda ya mashindano mkononi. Rose alipovuka hakukuwa na mwanamke mwenzake wa kushindana naye hapa nchini. Ulikuwa uamuzi wa kuacha kushinda.

Basi alikula nini? Alifundisha. Alianzisha chuo chake cha gofu kwa ajili ya wasichana katika uwanja wa Golf Park, pale kwenye mbio za farasi, barabara ya Ngong, Nairobi, akawachukua mabinti ambao wazazi wao hawajawahi kuwa wanachama wa klabu yoyote. Naomba tukae hapo kidogo, maana mtu akisikia "mchezaji wa kulipwa" huona televisheni, hundi kubwa ya kadibodi na viatu vyeupe. Kazi halisi ya wengi wao, wake kwa waume, Afrika Mashariki na kwingineko, ni kusimama juani saa nyingi ukitazama kiwiko cha mtu mwingine. Unamwambia alegeze vidole. Anapiga, mpira unakwenda kulia. Unamwambia tena. Kipato kinatoka hapo, na mashindano huja baadaye, kama yakija.

Binti mmoja kati ya waliopitia mikononi mwa Rose ni mwanawe wa kumzaa, Naomi Wafula, aliyekuja kuiwakilisha Kenya na kuwa miongoni mwa Wakenya waliocheza mashindano makubwa ya wanawake pale Vipingo. Mwalimu ni mama, mwanafunzi ni mwana. Nilipoanza kuyapanga maelezo haya nilidhani ni jambo la familia moja tu, lakini kila nilipogeuka nilikutana na mama.

Mwaka 1900, gofu ya wanawake ilipochezwa kwenye Olimpiki ya Paris, mshindi alikuwa Mmarekani Margaret Abbott, na mama yake mzazi, Mary, alikuwa akicheza mashindano hayohayo. (Margaret alifariki mwaka 1955 bila kujua kwamba alichoshinda siku ile kilikuwa Olimpiki, kwa jinsi mambo yalivyokuwa yameandaliwa ovyo.) Nenda miaka mia moja na zaidi mbele: Aditi Ashok wa India, aliyekosa medali ya Olimpiki ya Tokyo kwa mkwaju mmoja na kumaliza wa nne, alibebewa begi na mama yake. Miaka mitano kabla, kule Rio, alikuwa na umri wa miaka 18 na aliyembebea begi alikuwa baba yake.

Kwa nini familia? Jibu langu ni hili: kwa sababu mlango mwingine, ule waliopitia wanaume wengi maskini, wasichana hawakufunguliwa. Mlango huo ni ukedi.

Wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya wanaume walianza kwa kuwabebea wengine mabegi. Dismas Indiza, mmoja wa wakali wetu wa miaka mingi, alianzia Mumias, kwenye uwanja uliokuwa chini ya kivuli cha kiwanda cha sukari. Kijana anafika alfajiri, anasubiri kwenye banda la makedi pamoja na wenzake, jina linaitwa, anabeba begi kilomita kadhaa kuyazunguka mashimo 18. Kwa saa nne anaiona kila hesabu ya mchezo: upepo unatoka wapi, nyasi zimelalia upande gani, ni stiki ipi kati ya zile 14 zinazoruhusiwa inafaa kwa umbali ule. Analipwa kwa kusoma. Jumatatu uwanja ukiwa mtupu, kwenye klabu zenye huruma, anaruhusiwa kupiga mwenyewe kwa stiki kuukuu aliyopewa na tajiri wake. Hilo ndilo darasa lililotutengenezea mabingwa.

Sasa niambieni ni mzazi gani wa Mbololo au Mwatate atamwachia binti yake wa miaka kumi na minne atoke nyumbani kabla ya mapambazuko akakae kwenye banda lenye vijana wa kiume arobaini, wengi wao watu wazima, akingoja kuitwa na mwanamume asiyemjua? Simlaumu mzazi huyo, hata mimi nisingemwachia. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa kiume maskini ana njia, ngumu lakini ipo, na binti maskini hana kabisa, isipokuwa azaliwe na Rose Naliaka au afike chuoni kwake.

Na hata wanawake wenye uwezo, waliolipa ada na kupata uanachama, hawakukaribishwa kwa mikono miwili. Wapo hapa wanaodhani ubaguzi katika klabu za gofu ni hadithi za wakoloni. Mwaka 2014, miaka minne baada ya Katiba mpya, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi inayojulikana kwa jina la Rose Wangui Mambo na wenzake dhidi ya Klabu ya Limuru. Wanachama wanawake walikuwa wamezipinga kanuni za klabu zilizowabagua katika uendeshaji wa masuala ya gofu. Mahakama ilikikazia macho kifungu cha 27 cha Katiba, kinachokataza ubaguzi, ikasema kwamba klabu kuwa ya watu binafsi si kinga. Ni uamuzi ambao kila mwalimu wa michezo angefaa kuufahamu, hata kama shule yake haina kitu zaidi ya mpira wa wavu. Wala tusijione tuko nyuma peke yetu: Augusta kule Marekani ilipokea wanawake kama wanachama kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na Muirfield ya Scotland ilipiga kura kukubali mwaka 2017 tu.

Nije kwenye pesa, kwa sababu vijana mnaisubiri sehemu hiyo.

Mwaka 2019 Pwani yetu iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya ziara ya wanawake ya Ulaya, Magical Kenya Ladies Open, katika uwanja wa Baobab, Vipingo Ridge, kaunti ya Kilifi. Mjerumani Esther Henseleit, msichana wa miaka 20 katika msimu wake wa kwanza, alicheza raundi ya mwisho kwa mikwaju 64 na kumpita Aditi Ashok kwa mkwaju mmoja. Ushindi huo ulimpa pia nafasi ya kwanza katika orodha ya mwaka mzima ya Ulaya. Mfuko wa zawadi ulikuwa yuro 300,000, na mshindi huchukua asilimia 15, yaani yuro 45,000. Mwaka huohuo mashindano ya wanaume, Kenya Open, yaliyoanza tangu 1967, yalikuwa na mfuko wa yuro 1,100,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Aditi hakuondoka na kinyongo cha bure. Alirudi Vipingo mwaka 2023 akashinda kwa tofauti ya mikwaju tisa, pengo ambalo katika mchezo huu ni kama kumaliza mbio huku wenzako wakiwa bado wanafunga kamba za viatu. Mwaka 2024 akaja Shannon Tan, akawa Msingapore wa kwanza kushinda katika ziara hiyo ya Ulaya. Henseleit naye mwaka huo alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Paris. Yaani watu waliokanyaga nyasi za Kilifi ndio haohao walio kileleni mwa dunia, na Kilifi ni jirani yetu.

Lakini tazameni upande wa pili wa pesa hizo. Baada ya raundi mbili, kwa kawaida wachezaji 60 wa juu na waliolingana nao huendelea, na waliobaki hufunga mabegi. Aliyekatwa hapati chochote, na nauli, hoteli, chakula na malipo ya kedi ameshalipa. Wiki inayofuata anaanza upya nchi nyingine. Ndiyo maana bila mdhamini au kazi ya kufundisha, mwanamke anaweza kuwa na kipaji cha kweli na bado akamaliza mwaka akiwa na deni. Uganda, Flavia Namakula alikuwa mwanamke wa kwanza kwao kuvuka kwenda kulipwa. Tanzania, mtu kama Madina Iddi amevuma miaka mingi akiwa mchezaji wa ridhaa. Msiharakishe kusema huyu amethubutu na yule ameogopa. Pengine wote wawili wamepiga hesabu sawasawa.

Turudi nyumbani. Uwanja wa Vipingo Ridge umechongwa kutoka katika ardhi iliyokuwa ya mkonge. Nasi tuna mkonge: shamba la Mwatate ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani, na hapa Voi mistari yake tunaiona tukiwa kwenye matatu. Kwa hiyo huwa kuna mtu kwenye kila kikao anayesimama na kusema: tuitake kaunti, au mwekezaji, atujengee uwanja wa mashimo 18. Mimi napinga waziwazi. Zaidi ya asilimia 60 ya ardhi ya kaunti hii imo ndani ya mbuga za Tsavo. Maji ya Mzima yanatoka kwetu, yanaingia kwenye bomba na kushuka Mombasa, huku baadhi yetu tukinunua maji kwa mtungi. Uwanja wa gofu wa kijani hunywa maji usiku na mchana. Na nyasi mbichi Voi wakati wa kiangazi si uwanja, ni mwaliko kwa ndovu. Watakuja usiku na asubuhi mtakuta mashimo zaidi ya 18.

Gofu haihitaji kijani hicho ili ifundishwe. Magadi, kwenye joto kali kuliko letu, watu wamecheza miaka na miaka kwenye ardhi kavu. Mwalimu mzuri humwanzisha mtoto shimoni na kurudi nyuma. Shimo lina upana wa milimita 108, kwa hiyo kopo lililofukiwa ardhini linatosha. Mweke binti hatua moja kutoka kwenye kopo, asukume mpira mpaka aache kukosa. Halafu hatua mbili, halafu tano. Udongo wetu mwekundu ukifagiliwa na kushindiliwa, mpira unateleza na mtoto anaiona miinamo kwa macho. Karibu nusu ya mikwaju ya raundi nzima hupigwa hapo karibu na shimo, na hapo nguvu za mwili wala mali ya baba hazisaidii sana. Kupiga mbali kunahitaji wavu, nguzo mbili na stiki chache za mtumba.

Kisha huja siku ya kucheza uwanja kamili, na siku hiyo ni lazima kushuka Mombasa. Ni kilomita 150 hivi, na treni inapita. Ipo Nyali, ipo Klabu ya Gofu ya Mombasa iliyoanzishwa mwaka 1911 juu ya majabali ya bahari, na kusini kuna Leisure Lodge, Diani. Zote zina siku ambazo uwanja haujai, na zote zinahitaji kuandikiwa barua na mwalimu anayejulikana, si mtoto mmoja mmoja.

Hapo ndipo ninapowatazama nyinyi. Binti wa Bura hana mama mcheza gofu wa kumbebea begi, na banda la makedi hatulitaki kwa ajili yake. Anayebaki ni mwalimu, na kwa maoni yangu awe mwalimu wa kike, aliyepata mafunzo ya awali ya kufundisha gofu, anayesafiri na wasichana, kukaa nao safarini na kuwarudisha. Si lazima yeye mwenyewe awe mchezaji mkali. Mwalimu mmoja kwa shule tatu zilizo karibu angetosha kuanzia.

Kwa hiyo kabla hatujaenda kwenye chai, naomba kikao kijadili mambo mawili ambayo ratiba imeyaacha: nani kati ya walimu wa kike waliomo humu yuko tayari kwenda mafunzo likizo ya Agosti, na nauli ya wasichana kumi na mlezi wao kwenda Mombasa na kurudi Jumamosi moja ya kila mwezi itatoka kwenye fungu gani.